Wakfu wa Taa: Mwaka Mmoja wa Umeme wa Maji na Jua Burundi

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Somo la toleo hili linahusu umeme. Najua wengine watajiuliza: mwanafunzi wa masomo ya Kiislamu anaingiaje kwenye megawati na mabwawa? Jibu langu ni kwamba sikuingia kwa kupenda. Niliingizwa na wakfu wa babu yangu, na kosa nililolifanya juu yake.

Kwetu ni Kabonga, kusini kabisa mwa pwani yetu ya Tanganyika, eneo la Nyanza-Lac, karibu na mpaka wa Tanzania. Babu, Allah amrehemu, aliacha michikichi yake michache iwe wakfu. Maneno aliyosema mbele ya mashahidi yalikuwa mafupi: mapato ya mawese yanunue mafuta ya taa ya msikiti. Kwa miaka mingi ndivyo ilivyokuwa. Mawese yaliuzwa, mafuta ya taa yakanunuliwa, kandili ikawaka Magharibi na Isha, na watoto wa madrasa wakasoma chini yake.

Nilipoanza chuo, wazee waliniita wakaniuliza: "Mwanetu, wewe sasa ni msomi. Kandili inatutoa machozi kwa moshi. Tufanye nini?" Sikufikiri hata usiku mmoja. Nikasema: nunueni jenereta. Wakaniamini. Mapato ya misimu miwili yakaenda. Kisha petroli ikawa adimu nchini, foleni za magari zikalala vituoni, na jenereta yetu ikalala chini ya turubai. Mzee wetu maadhini akawa anaingia msikitini na tochi ya simu.

Waliponiuliza tena, nikaomba mwaka mmoja nisome kwanza. Haya ndiyo niliyojifunza.

Umeme wetu unatoka wapi?

Tuanze na kutofautisha mambo mawili ambayo watu huyachanganya: uwezo wa mtambo na umeme unaozalishwa. Chukua dumu la mawese la lita ishirini. Ukubwa wa dumu haukwambii kuna mafuta kiasi gani ndani leo. Vivyo hivyo, mtu akisema mtambo fulani ni wa megawati 18, anakwambia ukubwa wa dumu. Kilichomo hutegemea mwezi, mvua na jua.

Megawati moja ni wati milioni moja. Kwa hesabu ya nyumbani, inatosha kuwasha taa laki moja za wati 10 kwa wakati mmoja.

Burundi ni nchi ya umeme wa maji. Mtambo mkubwa wa zamani tunaoumiliki wenyewe ni Rwegura, megawati 18, uliofunguliwa mwaka 1986 kwenye milima ya Kibira. Mugere, kusini ya Bujumbura, ni megawati 8, wa mwaka 1982. Ipo na mingine midogo, kama Nyemanga upande wa Bururi. Eneo la Rumonge nalo lilipata mtambo wa Ruzibazi, megawati 15, katika miaka hii ya karibuni.

Kisha kuna umeme tunaoshirikiana na majirani. Ruzizi II, wa mwaka 1989, ni wa nchi tatu: Burundi, Rwanda na Kongo. Rusumo, kwenye mto Kagera, una megawati 80 na ni wa Burundi, Rwanda na Tanzania. Ulikamilika mwaka 2023 na 2024, na fungu la kila nchi ni megawati kama 26. Kusini mwa nchi kuna mradi wa Jiji na Mulembwe, mito miwili, wa megawati 49.5 kwa pamoja. Ukilinganisha na Rwegura, utaona ni hatua kubwa kiasi gani.

Upande wa jua, kituo cha kwanza kikubwa kilichounganishwa na nyaya za taifa ni cha Mubuga, mkoa wa Gitega, megawati 7.5. Kilizinduliwa mwaka 2021 na kiliongeza uwezo wa nchi kwa zaidi ya asilimia 10. Idadi hiyo yenyewe inaeleza hali yetu. Kama megawati 7.5 ni sehemu ya kumi ya nchi nzima, basi nchi nzima ilikuwa na umeme kidogo sana. Ndiyo maana karibu mtu mmoja tu kati ya kumi ndiye aliyekuwa na umeme. Sisi wa Kabonga, ambao nguzo hazijafika msikitini kwetu, tumo katika wale tisa.

Mwaka wa maji

Mwaka wetu wa mvua huanza Septemba au Oktoba. Mvua hunyesha hadi Desemba, hupumzika kidogo mwanzoni mwa mwaka, kisha hurudi kwa nguvu Februari hadi Mei. Juni, Julai na Agosti ni kiangazi, ambacho Kirundi hukiita Ici. Umeme wa maji hufuata mwendo huo, lakini haufuati papo hapo.

Machi, Aprili na Mei mito hujaa. Mitambo isiyo na bwawa kubwa, inayotumia maji yanayopita tu, huwa na neema. Bwawa la Rwegura nalo hupata nafasi ya kujaa. Juni mvua hukatika, lakini mito haikauki siku hiyohiyo, kwa sababu ardhi na msitu bado vinaachia maji kidogo kidogo. Julai hupungua, Agosti hupungua zaidi. Na nilichokuwa sikijui ni kwamba shida haimaliziki mvua ya kwanza inapoanguka Septemba. Udongo uliokauka hunywa kwanza. Mto husubiri zamu yake. Kwa hiyo mwisho wa kiangazi na mwanzo wa mvua ndicho kipindi chembamba kuliko vyote.

Nilipokuwa Bujumbura kwa masomo, niliweka daftari. Kila siku wakati wa Magharibi niliandika kama taa ya bwenini inawaka au la. Nilitarajia nione mistari ya giza miezi ya kiangazi peke yake. Sivyo. Giza lilikuwepo na miezi ya mvua pia, ila lilikuwa giza la namna nyingine. La kiangazi lilikuwa refu na lilirudi siku hadi siku. La mvua lilikuja na radi na upepo, likaondoka baada ya saa chache. La kwanza ni la dumu kupungua mafuta, la pili ni la mrija kutoboka. Nchi inaweza kuwa na maji tele Aprili, na mti mmoja ukaanguka juu ya waya, mtaa mzima ukalala gizani. Tusikimbilie kusema kila giza ni ukame.

Na maji mengi mno si umeme mwingi. Mnakumbuka Aprili na Mei 2024, Ziwa Tanganyika lilivyopanda, maji yakaingia majumbani na barabarani kutoka Bujumbura hadi Rumonge. Mtu angedhani mwaka ule umeme ungemwagika. Lakini mtambo una kikomo. Ukishajaa, maji ya ziada hupita pembeni bure. Mbaya zaidi, mvua ya kupindukia hushuka na tope kutoka milima iliyokatwa miti. Tope hujaza bwawa, na mchanga husaga vyuma vinavyozungushwa na maji. Kwa hiyo msitu wa Kibira ni sehemu ya mtambo wa Rwegura kama ulivyo ukuta wa bwawa. Mwenye shoka kule juu anaweza kuzima taa huku chini baada ya miaka kumi.

Mto Ruzizi una habari yake. Unatoka Ziwa Kivu, lililo kwenye mita kama 1,460 juu ya usawa wa bahari, na kuingia Tanganyika, iliyo karibu mita 770. Mteremko huo wa karibu mita 700 ndio hazina yake. Na kwa kuwa Kivu ni ziwa kubwa, hufanya kazi ya bwawa ambalo hakuna mtu aliyelijenga, likituliza mwendo wa mto kati ya masika na kiangazi. Maji yaliyozungusha mitambo ya Ruzizi hatimaye huishia ziwani kwetu, tunakochota maji ya udhu. Lakini mto huohuo huletewa chupa na mifuko ya plastiki kutoka ufukwe wa Kivu, nazo zimekuwa zikiziba mitambo. Mtu anatupa chupa kule, mwingine anakosa taa ya kusomea huku, wala hawajuani.

Jua hufanya kinyume

Sasa tazameni hekima iliyopo. Miezi ambayo mito hupungua, Juni hadi Agosti, ndiyo ambayo mbingu yetu huwa nyeupe. Miezi ambayo mawingu huziba jua, mito hujaa. Maji na jua hupokezana zamu. Nchi yenye vyote viwili haiachwi mikono mitupu na msimu wowote, mradi ijenge vya kutosha.

Jua la kwetu lina neema nyingine: tuko karibu na ikweta, kwa hiyo urefu wa mchana haubadiliki sana mwaka mzima. Ulaya paneli hupata mchana mrefu sana Juni na mfupi sana Desemba. Sisi hatuna tofauti hiyo. Adui yetu ni mawingu ya masika, na kiangazi ni vumbi na moshi wa mashamba yanayochomwa, ambao hutua juu ya paneli mpaka ifutwe.

Kasoro kubwa ya jua kila mtu anaijua: usiku halipo. Na msikiti huhitaji taa usiku. Hapo mwalimu wangu hakuwa profesa. Alikuwa kaka yangu mvuvi. Wavuvi wa ndagala zamani walitoka na karabai za mafuta. Siku hizi wengi hutumia taa za batiri zinazochajiwa na jua. Kaka aliniambia: "Mdogo wangu, paneli haina maneno. Batiri ndiyo inayokula pesa. Ukiimaliza kabisa kila usiku, inakufa mapema. Na siku tatu za mawingu zikifuatana, ndipo utajua ulinunua batiri au ulinunua sanduku."

Majirani wamejibu swali hili la msimu kila mmoja kwa alichopewa. Uganda ina Ziwa Viktoria linaloutuliza mto Nili kabla haujafika mitamboni. Kenya ina mvuke wa ardhini kule Olkaria, ambao haujui masika wala kiangazi, na ndio chanzo chake kikubwa cha umeme. Tanzania imejenga bwawa la Julius Nyerere kwenye mto Rufiji, megawati 2,115. Wote wametafuta kitu kimoja: namna ya kubeba neema ya msimu mmoja kuipeleka msimu mwingine.

Mafunzo matatu

La kwanza ni la Nabii Yusuf, alayhis salaam. Tunakijua kisa: miaka saba ya neema, miaka saba ya shida, na ushauri wa kuiacha nafaka katika mashuke yake isipokuwa kidogo cha kuliwa. Nimekisoma tangu madrasa, lakini mwaka huu ndipo nilipoona kuwa Yusuf hakuongeza mvua hata tone. Alichofanya ni kuhifadhi kwa kipimo na kutumia kwa kipimo. Bwawa la Rwegura ni ghala la Yusuf. Batiri ya mvuvi ni ghala la Yusuf la usiku mmoja.

La pili ni ushirika. Imepokewa kutoka kwa Mtume, swalla Llahu alayhi wasallam, kwamba watu ni washirika katika vitu vitatu: maji, malisho na moto. Mafakihi wakajadili mipaka yake kwa upana. Sisi leo tunatoa moto ndani ya maji, kwa hiyo viwili kati ya vitatu vimekutana ndani ya waya mmoja. Na katika kisa cha Zubayr na Ansari waliogombana juu ya mfereji wa kunyweshea, aliye juu alipewa haki ya kutumia kwanza, kisha ayaachie maji yamfikie jirani. Ruzizi na Rusumo, yenye mitambo ya ubia wa nchi tatu tatu, inatukumbusha kwamba aliye juu na aliye chini wana haki juu ya mto mmoja.

La tatu ni israfu. Ipo riwaya mashuhuri ya kukatazwa israfu ya maji ya udhu hata kwenye mto unaotiririka. Wanazuoni wameizungumzia sanadi yake, lakini maana yake imeungwa mkono na mafunzo mengine mengi. Sisi tulio mabwenini huacha taa na chaja usiku kucha kwa kuwa bili hailipwi na mfuko wetu. Saa ya jioni ndiyo ambayo nchi nzima huwasha taa kwa pamoja, na jua limeshazama. Taa moja iliyozimwa saa moja usiku Agosti ina thamani kuliko taa kumi zilizozimwa mchana wa Aprili.

Kuna jambo jingine la kuzingatia kwa sisi tunaofunga. Mwezi wetu hutangulia siku kama 11 kila mwaka wa jua. Ramadhani ya mwaka 2015 ilianza katikati ya Juni, ndani ya Ici. Ya mwaka 2025 ilianza mwanzoni mwa Machi, wakati wa mvua. Baada ya miaka kama 33 huwa imezunguka misimu yote. Kwa hiyo anayepanga taa ya Tarawehe asipange kwa msimu mmoja. Apange kwa msimu mbaya kuliko yote, kwani ipo siku Ramadhani itafika hapo.

Turudi kwenye wakfu

Kulikuwa na swali zito zaidi ya bei. Mzee maadhini, ambaye alikuwa mmoja wa mashahidi, alisema: "Babu yako alisema mafuta ya taa. Hakusema jua. Tukibadilisha neno la marehemu, kesho tutabadilisha lipi?" Sikuweza kumdharau. Mafakihi wetu wana kanuni kwamba sharti la mweka wakfu hulindwa kama andiko. Na mimi ndiye niliyelivunja mara ya kwanza kwa jenereta, bila kuuliza mtu wa elimu.

Nikalipeleka kwa masheikh wanaonisomesha. Walinitenganishia mambo mawili. Shina la wakfu, yaani michikichi yenyewe, haliguswi: haiuzwi, hairithiwi, haitolewi zawadi, kama alivyoagizwa Umar, radhiyallahu anhu, kuhusu ardhi yake ya Khaybar. Hilo halikuwa na mjadala. Mjadala uko kwenye tunda lake linatumiwaje. Madhehebu yetu ya Shafi'i ni makali katika kulinda sharti. Wakaniuliza: babu yako alipotamka mafuta ya taa, alikuwa anakusudia mafuta, au anakusudia msikiti usiwe gizani? Wakati ule kulikuwa na njia nyingine ya kuwasha taa?

Nilirudi Kabonga likizo, nikamuuliza mzee maadhini swali hilohilo, si kwa kumbishia bali kwa kuwa yeye alikuwepo siku ile. Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema: "Siku ile alisema pia kwamba anaogopa watoto wasome gizani. Nilikuwa nimesahau."

Ushahidi wake ndio uliofungua mlango. Masheikh wakatuambia kwamba kusudio likithibitika kwa ushahidi, chombo kinaweza kubadilika, na kwamba tuandike makubaliano ili wanaokuja wasibahatishe kama sisi. Imepokewa kwamba Tamim ad-Dari ndiye wa kwanza kuwasha taa za mafuta katika msikiti wa Mtume. Kabla yake watu waliangaziwa na makuti. Chombo kilibadilika tangu siku hizo, na nuru ikabaki nuru.

Wazee waliamua hivi. Mapato ya msimu huu yatanunua paneli moja na batiri ya kutosha usiku mitatu ya mawingu. Taa zitakuwa chache, zile zenye kula umeme kidogo. Kila msimu wa mawese, fungu litawekwa kando kwa ajili ya batiri ijayo, kwa sababu batiri itakufa siku moja, na anayesema haitakufa hajavua ndagala. Kandili ya zamani itabaki na chupa moja ya mafuta, kwa usiku wa nne. Nguzo za taifa zikifika siku moja, inshaallah, wazee watakaa upya. Jenereta iuzwe, na fedha yake irudi kwenye wakfu. Kilichopungua kwenye bei nimeahidi kukilipa mimi, kidogo kidogo, kwani ushauri wa kubahatisha juu ya amana una deni.

Mzee maadhini alikubali kwa sharti moja: kufuta vumbi la paneli wakati wa kiangazi iwe kazi ya watoto wa madrasa, kila Ijumaa, ili wajue nuru yao inatoka wapi.

Maswali ya kujadili katika halaqa

1. Tofauti ya uwezo wa mtambo na umeme unaozalishwa ni ipi? Toa mfano wa nyumbani kwenu.
2. Kwa nini mwezi wa Septemba unaweza kuwa mgumu kwa umeme ingawa mvua imeanza?
3. Je, kwenu kuna wakfu ambao chombo chake kimepitwa na wakati? Nani alikuwa shahidi, na ameshaulizwa?

Ndugu msomaji, swali la tatu usilichelewesha. Mashahidi wetu ni wazee.

Wallahu a'lam. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.